Meza ya Mwalimu: Kombe liko mkononi mwa nani?

Mwezi huu barua nne kati ya zilizonifikia zinauliza kuhusu kitabu kimoja, wala waandishi wake hawajuani. Ni riwaya ya Kiingereza, Lord of the Flies, yaani Bwana wa Nzi, ya William Golding, iliyochapishwa mwaka 1954. Kwa ambaye hajaisoma: vita vya mabomu ya atomiki vimezuka, ndege iliyobeba wavulana wa Kiingereza inadunguliwa, na wavulana hao wanajikuta kisiwani bila mtu mzima hata mmoja. Wakubwa wana miaka 12, wadogo wana 6. Wanaitana kwa kombe, gamba la konokono wa baharini linalopulizwa, na wanamchagua Ralph awaongoze. Jack, aliyekuwa mkuu wa kwaya, anageuka mkuu wa wawindaji wa nguruwe. Piggy ni mnene, ana pumu na miwani ambayo wenzake huwashia moto, ana akili kuliko wote, na ndiye anayechekwa. Simon ni mpole, huzimia mara kwa mara. Piggy na Simon wanauawa na wenzao. Nimeifundisha riwaya hii karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo leo naiachia meza nzima.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, kwetu Nansio. Daftari la kaka yangu lina jedwali la alama za kitabu hiki: kombe ni demokrasia, miwani ni sayansi, moto ni matumaini, kichwa cha nguruwe ni shetani. Nimekariri yote. Lakini nikisoma kitabu chenyewe naona kombe ni kombe tu. Je, sina kipaji cha fasihi?

Marahaba, mwanangu. Kipaji unacho. Anayeliona kombe kabla ya kuiona demokrasia ameanza vizuri kuliko nilivyoanza mimi. Nami nilipewa jedwali kama hilo chuoni, nikalifundisha vilevile kwa miaka minne. Wanafunzi wangu walifaulu mitihani, na hakuna hata mmoja aliyenyamaza kwa huzuni Piggy alipoanguka kutoka mwambani. Hilo linaniuma hadi leo.

Tulitazame kombe lenyewe. Ni gamba la konokono mkubwa wa baharini, rangi yake maziwa yaliyoingia uwaridi kidogo. Ralph analiona majini lakini hajui ni kitu gani. Anayejua ni Piggy, kwa sababu aliwahi kuliona kwa rafiki yake; rafiki huyo alikuwa akilipuliza, mama yake anakuja. Sasa angalia hapo. Piggy anajua namna ya kulipuliza, ila pumu haimruhusu. Ralph pumzi anazo, ujuzi hana. Mlio wa kwanza kisiwani ni kazi ya watu wawili, akili ya mmoja na mapafu ya mwingine. Watoto wanapotoka msituni mmoja mmoja kuufuata mlio huo, wanamwona mmoja tu, aliyelishika. Wanapopiga kura wanamchagua huyo, na Golding anasema bila kuficha kwamba lile kombe lililokaa magotini pake liliwavuta. Piggy hapati chochote. Dhuluma ya kwanza kisiwani imefanyika kabla tone la damu halijamwagika, tena kwa kura, tena hakuna aliyeikusudia. Jedwali la kaka yako haliwezi kukuonyesha hilo.

Upande wetu wa Usukumani kuna mwano. Ni ukelele wa kuomba msaada: ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtoto hajarudi toka malishoni. Tulipokuwa tunaishi Kayenze baba yangu akiusikia usiku alitoka na rungu, viatu akiviacha chini ya kitanda. Hakuna askari aliyemtoa kitandani. Alijua kwamba siku atakayoupiga yeye, wenzake watatoka vilevile. Koo la mpigaji ni dogo. Nguvu ya mwano imo miguuni mwa wanaousikia. Watu wa pwani nao wana siwa zao, baragumu kubwa za heshima, ile ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, na siwa hizo hazikupulizwa ovyo na yeyote aliyejisikia.

Ukiwa na mwano kichwani, rudi sura ya tano. Mkutano umevunjika. Jack na wenzake wametokomea ufukweni gizani wakipiga kelele. Piggy anamsihi Ralph apulize kombe awarudishe. Ralph anakataa. Anasema akilipuliza na wasirudi, basi imekwisha. Ukurasa huo naupenda kuliko mwingine wowote wa kitabu hiki, na kila nikiusoma mgongo hunisisimka. Mtoto wa miaka 12 amegundua kwamba chombo alicho nacho kinafanya kazi kwa sababu wenzake bado wanakubali kifanye kazi, na amegundua hivyo usiku ambao huenda wameacha kukubali. Anaogopa kujaribu. Amelishika kombe mkononi, zima kabisa, na hathubutu kulipeleka mdomoni.

Rudi nyuma zaidi, siku ya kwanza. Jack ndiye aliyeshangilia kuliko wote kwamba watakuwa na sheria, sheria nyingi. Siku haijaisha, huyohuyo Jack anamwambia Piggy kwamba juu ya mlima kombe halihesabiki. Kisha nenda mbele, usiku ule Ralph na Piggy wanapovamiwa kibandani na kundi la Jack. Piggy anadhani wamekuja kuchukua kombe. Wamechukua miwani. Kombe wameliacha palepale lilipokuwa, hawakulitaka. Mimi naamini kombe linakufa usiku huo. Jiwe la Roger, mfuasi wa Jack, linapolisaga vipande vipande asubuhi yake, tayari limebaki na watu wanne tu wanaoliamini: Ralph, Piggy na wavulana wawili mapacha. Na kwa muda wote huo jua limekuwa likilipausha. Ule uwaridi umetoka, limekuwa jeupe, na kwa kuwa wanaliona kila siku hawakuona lini lilibadilika.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua penseli, piga mstari kila mahali kombe linapotajwa. Ukimaliza, soma mistari hiyo peke yake mfululizo. Kila mara jiulize liko mkononi mwa nani, limemfikiaje, na nani ameacha kulisikiliza. Kwenye mtihani andika demokrasia, ni jibu linalokubalika, lakini chini yake weka sura ya tano.

Halafu, kwa kuwa wewe ni mtoto wa Ukerewe, msome mzee wa kwenu Aniceti Kitereza. Alimaliza kuiandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Humo Myombekere anatakiwa awapelekee wakwe pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mkewe Bugonoka, waliyemchukua kwa sababu hajapata mtoto. Usiniandikie kwamba pombe ni alama ya upatanisho. Niandikie nani aliipika, nani aliibeba, na ilipofika ilipokewaje.

*

Mwalimu, mimi ni fundi miwani hapa mjini Mwanza, mitaa ya Makoroboi, mwaka wa 18 sasa. Binti yangu ananisomea hicho kitabu jioni. Piggy ni mtu asiyeona mbali. Lenzi ya asiyeona mbali haiwashi moto hata ukiishika juani mwaka mzima. Mbona mwandishi anatudanganya?

Uko sahihi, fundi, na wapo wasomaji wa ufundi wako waliolisema zamani. Lenzi ya asiyeona mbali ni nyembamba katikati na nene pembeni, nayo hutawanya mwanga. Inayokusanya mwanga ni ile iliyotuna katikati, kama hizi mnazotupa sisi wazee tusomee. Yangu nikiiweka juani saa saba mchana, ile nukta ikinigusa kiganja naondoa mkono upesi. Ni kosa la fizikia, wala silitetei. Binti yako afundishwe fizikia kama ilivyo.

Lakini kwa kuwa wewe unawavua watu miwani kila siku, nataka ulione jambo ambalo walimu wengi wa fasihi hulipita. Miwani hiyo inachukuliwa mara tatu. Mara ya kwanza Jack anaipora usoni mwa Piggy bila kumwomba, waiwashie moto, na kila mtu anafurahi kuona moshi unapanda. Piggy anabaki akilalamika kwamba anaona ukungu mtupu, hata mkono wake hauoni vizuri. Hakuna anayemjibu. Mara ya pili Jack anampiga, miwani inaruka, lenzi moja inapasuka mwambani. Mara ya tatu ni ule uvamizi wa usiku.

Jedwali linasema miwani ni sayansi. Mimi naona kundi zima likiota moto na kula nyama kwa macho ya mtu mmoja, na hata siku moja halimuulizi anaonaje. Baba yangu alipoanza kupoteza macho ya karibu hakuweza tena kushona nyavu. Alizishika, akazigeuza, akajifanya anazikagua, kisha akazirudisha chini. Sisi watoto tulizikuta zimeshonwa vibaya tukachukia, na ilipita zaidi ya mwaka kabla mmoja wetu hajamuuliza kama anaona. Alipopata miwani alikaa mlangoni akatazama sindano kwa muda mrefu. Kwa hiyo sura hizo za Piggy kunyang'anywa naziona hivyo, na wewe nadhani utaziona vizuri zaidi yangu.

*

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igoma. Mwanangu wa miaka 14 aliazima kitabu hicho maktaba ya mkoa. Usiku mbili ameamka akisema nzi wanamzunguka. Jirani yangu, mama wa maombi, anasema jina lenyewe la kitabu ni la shetani, nikichome. Nimekiweka juu ya kabati. Nifanye nini?

Kishushe, mama, na usikichome. Kwanza ni mali ya maktaba. Pili, jirani yako ameshika nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwa mwanao.

Jina linatoka kwenye Biblia kweli. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya kwanza, mfalme Ahazia ameanguka, anatuma watu wakamuulize Baal-zebubu, mungu wa Ekroni, kama atapona. Jina hilo hufasiriwa bwana wa nzi. Katika Injili linarudi kama Beelzebuli, mkuu wa pepo. Golding alilijua hilo vizuri. Lakini tazama ndani ya riwaya anayeitwa Bwana wa Nzi ni nani. Ni kichwa cha nguruwe jike aliyekuwa ananyonyesha. Wavulana wamemuua, wamekichomeka kichwa kwenye mti uliochongwa ncha mbili, wamekiacha msituni kiwe sadaka kwa mnyama wanayemwogopa. Kichwa wamekikata wao. Mti wameuchonga wao. Nzi wamekuja wenyewe.

Mwanao anaota nzi kwa sababu mwandishi amewaandika vizuri sana. Mimi niliwaelewa siku moja Kirumba Mwaloni, upande wa mapanki, asubuhi jua lilipoanza kupata nguvu. Kulikuwa na rundo la vichwa na mifupa ya sangara, limefunikwa jeusi. Kijana mmoja akapitisha mkokoteni karibu, ule weusi wote ukainuka kwa mara moja, ukavuma, na chini yake yakaonekana macho ya samaki yaliyofumbuka. Kisha ukashuka tena. Nilisimama pale nikamkumbuka Simon amekaa peke yake mbele ya kichwa kile, amechoka, ana kiu, jua kali, na kichwa kinaanza kusema naye. Kinamwambia ni upuuzi kudhani mnyama ni kitu cha kuwindwa na kuuawa, maana kimo ndani yao. Kabla kitabu hakijapewa jina hili, Golding alikipa jina lenye maana ya wageni watokao ndani. Jirani yako anaogopa shetani aingie nyumbani kwako kwa mlango wa kitabu. Kitabu kinaonya kuhusu mlango mwingine.

Simon anapanda mlimani peke yake kumtazama huyo mnyama, na anamkuta. Ni maiti ya rubani iliyoning'inia na parachuti yake, upepo unaiinua na kuilaza. Anaifungua kamba. Anashuka haraka akawaambie wenzake kwamba hakuna mnyama. Anafika usiku, mvua na radi, wenzake wamo kwenye ngoma ya kuigiza mawindo, wamepandwa. Anatoka gizani akitambaa. Wanampiga na kumng'ata mpaka anakufa, akiwa anajaribu kuwaambia habari ya mtu aliyekufa mlimani.

Mama, nikueleze kwa nini siwezi kuisoma sura hiyo kwa sauti mbele ya darasa.

Mwaka wangu wa saba kazini nilikuwa mlezi wa bweni kwenye shule moja ya wasichana kando ya ziwa. Siitaji. Muhula wa pili ukaingia uvumi kwamba kuna kitu darini. Kinagonga usiku, mchana hakigongi. Wasichana wakaanza kulala wawili wawili, kisha wanne wanne. Waliniambia. Niliwaambia wasali walale, na kwa wiki mbili nzima hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kulikuwa na binti wa kidato cha pili kutoka kisiwa cha Ukara, mkimya. Usiku mmoja umeme umekatika, bweni zima linalia na kuimba mapambio, yeye akachukua tochi, akapanda kitanda cha juu, akasogeza ubao wa dari akachungulia. Aliona bati lililong'oka msumari. Usiku upepo wetu hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na upepo huo ndio uliokuwa unaliinua bati upande ule na kuligonga. Akashuka awaambie. Alitokea gizani, uso mweupe kwa vumbi la dari. Mmoja akapiga kelele kwamba ndiye huyo. Mwingine akasema ndiyo maana ametoka Ukara. Nilipofika na karabai walikuwa wanampiga kwa ndoo na mifagio, wasichana niliowafahamu, wasichana waliokuwa wakinibebea madaftari. Mkono wake ulikuwa umevunjika. Alinitazama akasema, "Ni bati, Mwalimu. Ni bati."

Baba yake alivuka na kivuko akaja kumchukua, hakurudi tena. Fundi alipigilia msumari mmoja, kazi ya dakika tano. Miezi michache baadaye nilikuwa nafundisha sura ya tisa kama kawaida, nikafika pale Simon anapotoka gizani, sauti ikakatika. Tangu siku hiyo nawaambia wanafunzi waisome kimya, kila mtu peke yake, kisha tunazungumza.

Wala tusidhani haya ni ya mabweni tu. Kwenye kanda yetu hii wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na ushahidi uliotajwa ukawa macho yao mekundu. Kila aliyekaa jikoni kwenye mafiga anajua macho hayo yametokana na nini. Ni moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, miaka 50 ya kuwapikia watu. Wapo waliojua, wakaogopa kutoka gizani kusema.

Kwa hiyo kaa na mwanao mchana, mlango wazi, msome pamoja sura ya nane na ya tisa. Akifika mahali pa nzi mwache aseme anachoona. Kisha muulize nani kisiwani alikuwa anajua ukweli, na kwa nini wenzake hawakumsikia. Kitabu ukirudishe maktaba kwa tarehe yake, mtoto mwingine akikute.

*

Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, niko kambini kisiwa cha Kome. Mwezi ulipokuwa mkubwa tumepumzika, kijana mmoja hapa alitusimulia hadithi hiyo yote. Tumebishana siku tatu. Sisi hapa ni wanaume watupu, wengine vijana wadogo kabisa, askari yuko mbali, pesa zinatembea, na hatuuani. Huyo Mzungu amewasingizia binadamu. Unasemaje?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimekaa nayo wiki nzima.

Una shahidi mkubwa, na inawezekana humjui. Mwaka 1965 wavulana 6 wa shule huko Tonga, Bahari ya Pasifiki, walichukua mashua bila ruhusa wakaingia baharini, dhoruba ikawaharibia chombo, wakatupwa kwenye kisiwa cha 'Ata kisicho na watu. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, mpaka mwaka 1966 nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowakuta. Walikuwa wamegawana kazi. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakamfunga na kumtunza mpaka ukaunga. Wakigombana, waliogombana walitengwa kidogo wapoe. Na waliwasha moto, wakaulinda usizimike muda wote huo. Hawa ni watu kweli, na wale wa Golding ni wa kubuni. Kwa hilo nakubaliana nawe.

Ila ujue Golding alikuwa anabishana na nani. Alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana mjini Salisbury, kwa hiyo wavulana aliwajua kwa harufu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa baharia wa vita. Mwaka 1944 majeshi yalipotua Normandy yeye aliongoza chombo cha kurushia maroketi. Na tangu utotoni alikuwa amesoma hadithi za kwao ambamo wavulana wa Kiingereza wakifika kisiwani wanakuwa wema na jasiri, na uovu unatoka kwa watu wengine. Moja maarufu ilitoka mwaka 1857, na majina ya Ralph na Jack ameyachukua humo. Alitaka watu wake wajitazame. Ndiyo maana mwishoni anakuja ofisa wa jeshi la majini, nguo nyeupe safi, anashangaa kwamba wavulana wa Kiingereza wameshindwa kufanya vizuri kuliko hivyo, na nyuma yake imesimama manowari iliyo katika kazi yake ya kuua. Ofisa anageuza uso akaitazame meli yake wakati watoto wanalia. Nani atakuja kumwokoa huyo ofisa, kitabu hakisemi.

Kwa hiyo hakuisingizia kambi yako. Lakini kuna kitu kimoja kwenye kitabu chake ambacho wewe na wale vijana wa Tonga mnakifahamu kuliko maprofesa, nacho ni moto.

Ralph anataka moshi mlimani ili meli ikipita iwaone. Inapita. Moto umezimika, kwa sababu waliokuwa zamu wamemfuata Jack kuwinda. Wanarudi wakiimba na nguruwe begani, mikono ina damu, na hawaelewi Ralph anakasirikia nini wakati nyama imepatikana. Kwangu hapo ndipo kisiwa kinapogawanyika, mbali sana kabla ya mauaji. Mwishoni Jack anawasha msitu mzima ili Ralph atoke mafichoni auawe, na moshi huo ndio unaoileta meli. Wameokolewa na moto uliowashwa kwa ajili ya kuua. Miaka yote nimejaribu kulitafutia neno jambo hilo, na kila nikipata neno naliona dogo.

Mama yangu hakuwahi kusikia habari za Golding. Kule Kayenze, enzi za karabai za mafuta ya taa, mitumbwi ikiwa ziwani na upepo ukibadilika, wanawake waliwasha moto wa kuni pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, ili wanaume waone nchi kavu iko wapi. Taa za dagaa ukiwa ziwani zinachanganya, zinafanana na mji. Moto wa mwaloni ulikuwa mmoja, mwekundu, chini, na kila mvuvi aliujua. Walikesha kwa zamu. Hakuna aliyewasha moto wa mume wake peke yake. Mara moja, nikiwa na miaka 9 hivi, mwenye zamu alipitiwa na usingizi, mama akaamka kwa baridi, akaona majivu. Sijasahau alivyokimbia.

Wale vijana sita waliulinda moto zaidi ya mwaka. Wavulana wa Golding waliuacha uzime wakiwa na njaa ya nyama. Wote walikuwa watoto, wote walikuwa na njaa. Nimesoma maelezo mengi ya tofauti hiyo na hakuna lililonitosheleza. Labda ninyi mnalo. Mwezi ukianza kufifia mtarudi ziwani, kwa hiyo jibu kabla hamjatoka. Usiku wa giza mitumbwi ikiwa majini, hapo kambini Kome nani hubaki nchi kavu na taa? Mnamchaguaje? Na siku akisinzia, mnamfanya nini?